Amana za Watu

Duka la nguo likikaribia kufungwa, mji mzima unajua. Mwezi mzima dirishani kuna karatasi nyekundu, bei zimekatwa nusu, na kijana amesimama mlangoni na kipaza sauti akiwaita wapita njia. Duka la kamera halina desturi hiyo. Jioni wateja wanaacha filamu zao, wanapewa risiti, wanaambiwa warudi kesho saa tano. Kesho saa tano wanakuta kufuli.

Nilifanya kazi kwenye duka kama hilo hapa Mombasa kwa miaka tisa, 2002 hadi 2011, kwanza kwenye kaunta, baadaye nyuma kwenye mashine. Jina lake silitaji. Mwenyewe yuko hai, anaswali zake na kulea wajukuu. Lakini kila anayejua kwamba nilikuwa pale huniuliza lile lile: "Kwani ilikuwaje mkafunga ghafla vile?" Nimeulizwa kwenye matatu, nimeulizwa harusini, hata matangani nimeulizwa. Acha nijibu hapa mara moja.

"Ghafla" ni neno la mtu aliyesimama mbele ya kaunta. Sisi wa nyuma tulianza kuona mapema, na tuliona kwenye tangi la dawa.

Mashine ya kuosha filamu si kama jiko la muuza mahamri, kwamba wateja wasipokuja unazima, unapumzika. Dawa ya kwanza, ile inayofanya picha itokee, hukaa kwenye joto la nyuzi 38 hivi, na filamu ya rangi hulowa humo kwa dakika 3 na robo. Kila filamu inayopita hula dawa kidogo, na mashine yenyewe huongeza dawa mbichi kufidia iliyoliwa. Yaani dawa hubaki nzuri kwa sababu inatumika. Filamu zikipungua, dawa inalala tangini, hewa inaila, inabadilika rangi kama chai ya jana. Ukipitisha filamu ya mtu humo, rangi zinapinda. Shela nyeupe ya bibi harusi inatoka na wekundu, na harusi hairudiwi.

Kwa hivyo duka la kuosha picha haliwezi kufa polepole. Ama lina filamu za kutosha kila siku, ama linaharibu kumbukumbu za watu. Nilipoanza kazi, msimu wa Idi na Desemba tulikuwa tukiosha mpaka saa nne za usiku, sakafu imejaa vipande vya karatasi. Kufikia 2010 kuna siku tulingoja filamu zifike kumi ndipo tuwashe, na wateja wakaanza kuambiwa warudi keshokutwa badala ya kesho. Kisha siku moja pampu ya mashine ikafa. Tajiri akapiga simu Nairobi kuuliza bei ya nyingine. Akaandika ile bei nyuma ya bahasha, akaiangalia, akaigeuza bahasha chini juu. Ilikuwa Alhamisi. Jumatatu hatukufungua.

Na hatukuwa peke yetu duniani, ingawa siku zile tulijiona hivyo. Uingereza kulikuwa na maduka ya Jessops, yaliyoanzia mji wa Leicester mwaka 1935. Tarehe 9 Januari 2013 kampuni ilikabidhiwa wasimamizi wa mufilisi. Siku mbili baadaye maduka yote 187 yakafungwa na watu zaidi ya 1,300 wakakosa kazi. Aliyekuwa na vocha ya zawadi ya Krismasi mfukoni akabaki na kipande cha karatasi. Mwaka uliofuata, mwezi wa Machi, maduka ya Calumet ya Marekani, jina la tangu 1939, nayo yakafungwa kwa mkupuo bila notisi. Kodak wenyewe walikuwa wameshakimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wao Januari 2012. Na ni mhandisi wao, Steve Sasson, aliyeunda kamera ya dijitali mwaka 1975: dude la karibu kilo nne lililochukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja kwenye kaseti.

Watu husema dijitali ndiyo iliyotuua. Ni kweli nusu. Tajiri wetu alikuwa ameiona dijitali ikija, akanunua kamera ndogo za dijitali akazipanga kwenye kabati la kioo, akaweka na mashine ya kuchapisha picha kutoka kwenye kadi. Tukauza, tena vizuri. Lakini kamera hizo nazo zilikuwa zinakaribia ukingoni. Watengenezaji wa Japani huhesabu kila mwaka kamera za dijitali wanazopeleka sokoni: 2010 zilikuwa zaidi ya milioni 121, na 2021 hazikufika milioni 9. Sisi huku hatukuhitaji takwimu za Japani. Juni 2009 serikali iliondoa kodi ya VAT kwenye simu za mkononi, na simu zikashuka bei. 2011 ikaingia Huawei Ideos kwa takriban shilingi 8,000, simu yenye intaneti na kamera. Mtu akija dukani kununua betri tu, anatoa simu kumwonyesha mwenzake picha ya mtoto wake, wanacheka, wanaondoka. Picha ile haikupita mikononi mwetu na wala haikuwa na haja ya kupita.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Kilichofungwa siku ile hakikuwa biashara ya kamera peke yake. Kilikuwa ni mahali ambapo mji uliacha amana zake.

Mombasa na Lamu zina historia ndefu ya watu kwenda kupigwa picha. Kule Lamu, Omar Said Bakor alikuwa akikata na kuunganisha negativu mpaka uso wa mtu ukachomoza katikati ya ua au ndani ya redio. Hapa Mombasa N. V. Parekh alipiga picha za maharusi na marafiki walioshikana mikono, na leo picha hizo zinatazamwa kwenye maonyesho ya ng'ambo. Miaka ya tisini, pale Likoni feri, vijana walijenga vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba, na mtu wa bara aliyekuja kutafuta kazi akapigwa picha amesimama mbele ya utajiri ambao hajaupata bado, akaituma nyumbani. Duka letu halikuwa na sanaa hiyo. Sisi tulikuwa wa kuosha, kuchapisha, kuuza filamu na betri, na picha za pasipoti dakika kumi. Lakini kama wao, tulikuwa tunaona.

Mtu anayeosha filamu huona kila kitu. Niliona mabibi harusi kabla ya waume zao kuziona picha zile. Niliona watoto wa nje, nikajua kufanana kwao na nani. Niliona maiti iliyopigwa picha na ndugu ili yule aliye Dubai apate kuamini. Siku yangu ya kwanza tajiri aliniambia neno moja tu la kazi: "Binti, hapa macho ni ya kazi, mdomo ni wa kula." Miaka tisa sikuwahi kusikia siri ya mteja ikitoka kwenye duka lile. Hakukuwa na fomu ya kutia sahihi wala sera ya faragha. Kulikuwa na neno amana, na kila aliyezaliwa pwani anajua uzito wake. Ukiwekewa kitu, ni chako kukilinda na si chako kukitumia, mpaka mwenyewe aje.

Sasa mwenyewe asipokuja? Na je, mahali pa kuja pakiwa hapapo?

Tulipofunga, zilibaki bahasha makatoni matatu. Nyingine zilikuwa za miaka mingi nyuma, za watu walioacha filamu wakakosa pesa ya kuzikomboa, au waliohama, au waliofariki. Zilibaki pia filamu 14 ambazo hazikuwa zimeoshwa. Hizo tajiri alinipa pesa nikazipeleka kwa mwenzake mtaa wa pili, ambaye naye hakumaliza miaka miwili. Makatoni aliniambia nifanye nitakavyoona, kwa sababu mwenye nyumba alitaka chumba kiwe wazi kufikia mwisho wa mwezi, na aliyekuwa akiingia alikuwa muuza simu. Nikakodi tuktuk, nikayapeleka kwangu Kisauni, nikayaweka juu ya kabati.

Mwaka 2014 akaja mama mmoja, ameelekezwa na jirani. Alikuwa na risiti ya njano ndani ya kifuko cha plastiki, pamoja na kadi za kliniki za wanawe. Akakaa, akakataa chai kwanza.

"Mwanangu, nimeambiwa wewe ndiwe ulichukua vitu vya lile duka."

"Sikuchukua, mama. Niliviweka."

"Basi niangalizie namba hii."

Filamu ilikuwa ya Idi ya mwisho ya mamake. Mdogo wake aliazima kamera, akapiga nyumba nzima, akaleta kuosha. Jumatatu wakakuta kufuli. Bibi akafariki miezi michache baadaye. Picha yake pekee iliyokuwa imebaki ilikuwa ile ya kitambulisho, na kitambulisho cha marehemu hurudishwa serikalini kifo kinapoandikishwa. Kwa miaka mitatu wajukuu waliozaliwa baadaye walikuwa na bibi asiye na uso.

Ilikuwa ni katika zile 14. Tuliipata kwenye katoni la pili. Bibi alikuwamo kwenye picha tatu, na katika moja amenyoosha mkono kumfukuza mpiga picha, mdomo wazi, anagomba. Yule mama alicheka mpaka akalia, kisha akasema, "Ndiye huyu. Alikuwa hivi hivi." Alipoinuka kuondoka akauliza deni. Nikamwambia hakuna deni, duka halipo. Akanionyesha risiti: ameacha 100, baki 200. "Duka halipo, deni lipo," akasema, akaweka noti mezani. Siku ya pili nikampelekea tajiri. Hakusema kitu. Alitoa daftari la zamani, akatafuta namba, akaikata kwa kalamu.

Marafiki zangu huniambia, wewe wajitesa bure, ziweke Facebook, watu watajitambua wenyewe siku moja. Huenda wana haki. Zingeenea upesi, na labda bahasha 20 zingepata wenyewe kwa wiki moja. Lakini nikifungua katoni naona msichana na rafiki wa kiume ambaye pengine siye aliyemwoa. Naona mama anayenyonyesha. Naona mzee wa watu amevaa kikoi tu, barazani kwake, anacheka na mtu anayempenda. Hawa walitoa nyuso zao kwa kaunta moja, kwa mtu mmoja aliyeandika namba kwenye bahasha. Hawakuzitoa kwa dunia. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 inasema kazi iliyoagizwa, pasipo makubaliano mengine, hakimiliki yake huhesabiwa ni ya aliyeagiza. Hata bila sheria najua kwamba plastiki iko kwangu na picha si yangu.

Kwa hivyo nafanya kwa njia ndefu. Nimeandika namba na majina ya kwenye bahasha katika daftari, bila kutaja kilicho ndani. Namba nawatajia wazee wa mitaa, wanawake wa chama, vinyozi, watu wanaojua nani alihamia wapi. Anayekuja na risiti, au anayeweza kuniambia ndani mna nini kabla sijafungua, anachukua. Kufikia sasa zimetoka zaidi ya nusu. Nyingine zimechukuliwa na watoto wa wenyewe.

Nimejifunza pia kwamba hali ya hewa yetu haina subira. Negativu za Mombasa huota ukungu. Zikikaa kwenye plastiki palipo na joto huanza kunata, na zile za zamani zaidi hutoa harufu ya siki, na ikifika hapo zimeanza kuoza. Kama unazo nyumbani, zitoe kwenye mifuko, ziweke kwenye karatasi kavu mbali na ukuta, umtafute mtu wa kuziskani mwaka huu. Na kama mtaani kwenu kuna studio ambayo mzee wake amechoka, usingoje kufuli. Nenda ukamwamkue, muulize negativu zake ziko wapi na watoto wake wana mpango gani nazo. Wengi wana mpango wa kuzichoma, na si kwa ubaya. Hakuna aliyewahi kuwauliza.

Kwenye katoni la mwisho kuna bahasha moja ya 2004 isiyo na jina, namba tu, na picha 36 za mtoto yule yule akijifunza kutembea kwenye uwanja wa mchanga. Sasa atakuwa na miaka ishirini na kitu. Wazazi wake walikuwa na haraka gani siku ile hata wasiandike jina, sijui. Bahasha ni kavu, nimeibadilishia karatasi mwezi uliopita, na iko juu ya kabati.