Nusu Mara Moja

Ukipita Gerezani usiulize nyumba ya kulelea wazee, watu watakushangaa. Mzee hulelewa chumbani, kati ya nyundo za mafundi na honi za mwendokasi, na nesi wake ni yeyote aliyebaki nyumbani siku hiyo. Mwaka 2019 bibi yangu, ambaye moyo wake umechoka, alikuwa na manesi saba: wajukuu wanne, shangazi wawili na mpangaji wa chumba cha mbele. Saba! Daftari hata moja.

Dawa zilikaa ndani ya kopo la Blue Band: cha presha, cha kukojoza ili maji yatoke miguuni, na kile cheupe kidogo, digoksini. Hicho kidogo ndicho chenye kisirani. Asili yake ni ua la Ulaya, ndugu wa lile ambalo daktari William Withering aliliandikia kitabu mwaka 1785. Dozi inayotibu na dozi inayodhuru zimelala kitanda kimoja, na figo za mzee huitoa polepole.

Hospitali iliandika nusu kidonge, mara moja kwa siku: ½ x 1. Dawa ilipokwisha, duka moja, jina naliacha, likaandika kwenye bahasha mpya: 1 x 2. Hesabu mwenyewe. Mara nne!

Bibi akakataa chakula. Akatapika. Akasema taa imekuwa ya manjano kama embe. Shangazi mkubwa akasema joto, mpangaji akasema, "Huyo karogwa." Mimi nilifika siku ya saba, nikaambiwa ni uzee tu. Neno hilo nalichukia mpaka leo, limefukia wengi. Kupima mapigo hakutaki mashine: vidole viwili, saa ya ukutani, dakika nzima. Yakiwa chini ya 60, kidonge kisubiri, daktari aulizwe. Nikakodi bajaji. Ya bibi yalikuwa 42.

Bahati bibi hatupi kitu. Daktari alizilaza bahasha mbili mezani, ya zamani na mpya, akazitazama kimya. Akamlaza siku tisa.

Siku hizi daftari linaning'inia mlangoni, na kila asubuhi kabla ya chai bibi hupelekwa kwa kijana wa mizani, kona ya Mtaa wa Lindi. Uzito ukiruka kilo mbili ndani ya siku chache si unene huo, ni maji. Kijana hamtozi, ila humhoji kama polisi.

"Bibi, jana 51, leo 52 na nusu. Umekula nini?"

"Ubwabwa."

"Na nini?"

Bibi akatazama magari. Papa mkavu, mwenye chumvi yake yote.