Neema na Moyo wa Mzazi

Wahenga walinena ya kwamba mwana ni kidonda na mjukuu ni kovu. Sisi tuliojaliwa watoto twaijua maana yake. Walakini wako wazazi ambao kidonda chao majirani hawakioni: mtoto yu hai, ana afya, hata kazi njema anayo, bali ameiacha njia aliyolelewa, nao hukesha kwa ajili yake. Kwa hao, nami nikiwa mmoja wao, naandika maneno haya machache.

Mwaka wa nne sasa kitindamimba wangu hasali nasi. Huja nyumbani mara mojamoja, hula, kisha huenda zake. Ndugu zangu wawili, watu wa heshima, wamenishauri nimfungie mlango mpaka atubu. Shauri lao silidharau, kwa maana wampenda. Lakini kabla ya kuwajibu nalitaka kumsikiliza kwanza mama mmoja wa Afrika, aliyepatwa na jambo lilo hilo zamani sana.

Jina lake ni Monika. Alikaa Thagaste, mahali ulipo leo mji wa Souk Ahras katika nchi ya Algeria, na mwaka 354 alimzaa Augustino. Kijana huyo alikuwa na akili nyingi, akapelekwa Carthage kusoma. Huko aliishi na mwanamke pasipo ndoa, akaifuata dini ya Mani, akakaa humo yapata miaka tisa. Aliporudi kwao kufundisha, mama yake alikataa kukaa naye nyumba moja na kula naye meza moja. Yaani Monika naye alianza kwa kuufunga mlango.

Ndipo akaota ndoto, akaonyeshwa mwanawe amesimama pamoja naye mahali pamoja. Alipoamka akamfungulia. Angalieni: mwana alikuwa hajageuka bado hata kidogo. Mlango ulitangulia, toba ikafuata nyuma, tena baada ya miaka mingi. Hapo nikafahamu neema ni nini. Kama ingalingoja tutengenee kwanza, isingaliitwa neema, ingaliitwa ujira.

Wala msidhani Monika aliyaita mabaya mema. Hakuacha kulia na kuomba. Mwaka 383 Augustino alimdanganya, akapanda merikebu usiku kwenda Roma, akamwacha akisali karibu na bahari. Baadaye mama akavuka bahari, akamfuata hata Milan. Siku ya Pasaka ya mwaka 387 Augustino alibatizwa na Askofu Ambrosi, pamoja na mwanawe Adeodato. Mwaka uo huo Monika akafariki huko Ostia, katika mwaka wa 56 wa umri wake.

Bwana wetu naye, katika mfano wa mwana mpotevu, asema ya kuwa baba alimwona mwanawe angali mbali. Nani amwonaye ajaye kutoka mbali, asipokuwa ameizoea kuitazama njia? Tena yule mzee alipiga mbio, akamkumbatia, kabla kijana hajafumbua kinywa kuungama.

Basi ndugu zangu nimewajibu hivi: Mwanangu nitamwonya, wala sitamficha kweli. Bali sahani yake itaandaliwa, na jina lake litatajwa katika sala ya jioni, akiwapo na asipokuwapo. Mimi nami naketi mezani pa Baba yangu bila kustahili; nitamnyimaje mwanangu kiti kilicho mezani pangu?

Mwisho wake huenda nisiuone kwa macho haya. Kuugeuza moyo si kazi ya mzazi, ni kazi ya Mungu. Iliyo yetu ni kupenda, kuonya, na kuuacha mlango wazi. Enyi baba na mama mnaongoja kama mimi, msichoke, na tuombeane.