Babu na Kamera Yake

Wengi hudhani uraibu wa kupiga picha ni wa vijana. Babu yangu, mkazi wa Nyeri, amepita miaka sabini na vidole vyake vimekakamaa kwa baridi yabisi. Hata hivyo, alfajiri, Mlima Kenya ukijifunua kabla ya mawingu, huegemeza kamera juu ya nguzo ya ua akaupiga picha. Jamaa humsihi apumzike. Mimi humtetea kwa kumtaja Mohamed Amin, aliyepoteza mkono wa kushoto katika mlipuko wa Addis Ababa mwaka wa 1991, akarejea kazini na mkono wa bandia hadi alipofariki mwaka wa 1996.

“Huyo alilipwa, mjukuu wangu,” hunijibu. “Mimi nashindana na barafu ya Lewis kule mlimani, tutaona nani atakwisha kwanza.”

Juzi ameniagiza Nairobi waya wa kufyatulia kamera, apate kuufinya kwa meno.