Tairi Lisilo Lake

Karai nililokuwa nikizamishia tyubu kutafuta pancha, sasa wananywea kuku wa mke wangu. Kompresa nimeuza, mashine ya kuvulia matairi nimemwachia mwanangu wa pili, na mgongo nimebaki nao mwenyewe maana haukupata mnunuzi. Miaka 42 imekwisha hivyo. Nisingeandika lolote, lakini mwezi uliopita tumemzika mzee aliyenifundisha kazi, na pale msibani niliwasikia vijana wawili wa gereji wakibishania saizi za matairi ya gari moja la watalii, kila mmoja na simu yake mkononi, ilhali mwenye jibu amelala ndani ya jeneza hatua tano kutoka kwao.

Utoto nitaupita mbio. Ni Mpare wa Same. Baba alikuwa anakata katambuga na kuziuza gulioni, kwa hiyo tairi nililijua maiti kabla sijalijua zima: nyuzi zake, waya wa mdomoni unaochoma vidole, harufu ya mpira kisu chenye maji kinapopita. Nilimaliza darasa la saba, shamba likanishinda, na mwaka 1979 mjomba akanichukua Arusha, akanikabidhi kwenye gereji moja ya Unga Limited. Nilikuwa na miaka 16 na sikujua kushika hata spana ya magurudumu.

Mzee tulimwita Fundi Mkuu, ingawa gereji haikuwa yake. Mfuko wa shati lake haukukosa vitu viwili: kipande cha chaki, na tepu ya fundi cherehani iliyofutika namba upande mmoja. Gari likiletwa kubadilishwa saizi ya matairi, hakuanza kwa kusoma ubavuni. Alitaka lije na mzigo wake wote na upepo wake wa safari. Alichora mstari wa chaki kwenye tairi pale linapogusa sakafu, na mwingine sakafuni uliolingana nao. Kisha, “Sukuma, bwana mdogo.” Tulisukuma taratibu mpaka alama ya tairi izunguke na kurudi chini, akachora tena sakafuni, akapima kutoka mstari hadi mstari. Namba ile aliiita hatua. Aliiandika kwenye daftari la jalada jeusi: gari, saizi, tairi la kampuni gani, upepo kiasi gani, hatua milimita ngapi.

“Tairi ni kama mtu,” alinieleza siku niliyothubutu kuuliza kwa nini asikokotoe tu. “Usiniambie urefu wake akiwa amesimama wima. Niambie anakanyaga hatua gani akiwa na gunia mgongoni.”

Alikuwa sahihi. Tairi lenye mzigo hubonyea chini, kwa hiyo njia linayokwenda kwa mzunguko mmoja ni fupi kuliko hesabu ya kipenyo inavyodai. Tena matairi mawili ya kampuni mbili, yenye namba zilezile ubavuni, yanaweza kukanyaga tofauti.

Hatukujifunza kubadili saizi kwa ajili ya fasheni. Ilikuwa njaa. Baada ya vita vya Kagera nchi ilikauka. Kiwanda cha General Tyre kilikuwa humu humu mjini, lakini tairi ulilipata kwa kibali au kwa kujuana. Land Rover 109 ilitaka 7.50-16. Ukikosa, ulifunga 7.00, na ukiwa umekata tamaa kabisa, 6.50. Daftari la Mzee ndilo lililotuambia lipi litaoana na lipi, lipi livae mbele na lipi nyuma, na mwenye gari apunguze magunia mangapi. Hilo la magunia wateja hawakupenda kulisikia.

Mimi mwenyewe nilitoka pale mwaka 1996 nikafungua kibanda changu barabara ya pili yake. Tulibaki baba na mwana, lakini baba na mwana wenye kushindania wateja.

Hapa niseme jambo moja lililonikaa rohoni. Mwaka 2006 kampuni moja ya utalii, jina nalimeza, ililetewa kutoka Dubai matairi ya 265/70R16 kwa bei ya kutupa, pamoja na ringi zake. Yalikuwa mawili tu. Bosi akataka yafungwe nyuma kwenye Land Cruiser yenye 7.50R16 mbele. Nilimwambia mbele ya dereva wake: hatua hazilingani, gari hili likiwekwa fowili kwenye barabara ngumu, magurudumu ya mbele na ya nyuma yatavutana, na atakayelia ni transfa, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma. Akaniambia nifunge, nisimfundishe kazi. Nikafunga, na kosa langu ni hilo. Dereva aliingiza fowili ndani ya hifadhi ya Ngorongoro, akatoka amesahau kuitoa, akala lami kutoka lango la Lodoare kuteremka Karatu. Transfa ikajifunga, ikapasuka. Ripoti iliandikwa kwamba fundi alifunga matairi yasiyofaa. Sikulipwa kazi ile, wala kazi nyingine tatu nilizokuwa nawadai.

Tangu siku ile nikawa mgumu, na ugumu huo ndio ulionikorofisha na Mzee.

Agosti 2014 waliingia mtu na mkewe, Wajerumani wastaafu, na gari-nyumba lao juu ya chasisi ya Mercedes Sprinter. Waliteremka nalo kutoka Ulaya kupitia Ethiopia. Ndani kuna kitanda, jiko, choo, na sanduku zima la vitabu. Tairi la nyuma kulia lilipasuka karibu na Longido, wakafika kwa spea. Nilipiga magoti nikapapasa ubavu wa lililobaki upande wa pili. Nyufa nyembamba kama kisigino cha mkulima. Mwisho wa maandishi ya DOT zipo namba nne: 2207. Wiki ya 22, mwaka 2007. Kashata, yale meno ya kukanyagia, zilikuwa bado nzuri, na ndipo magari-nyumba yanapowadanganya wenyewe. Gari la aina hii hukaa uani miezi mizima limebeba nyumba yake, tairi moja limekandamizwa sehemu ileile, halipumziki. Huzeeka kabla ya kuota kipara. Huko kwao hutengenezwa matairi maalumu ya magari-nyumba yenye alama ya CP. Hapa Arusha hatukuwa nayo, na hata saizi yao ya kawaida, 235/65R16C, sikuipata duka lolote.

Duka moja lililotazamana na kibanda changu lilikuwa limeshawauzia maneno. Likawaonyesha 265/70R16, mapana, maandishi meupe ubavuni. Mama yule akapiga picha.

Nikawaomba tupite kwanza kwenye mizani ya ghala moja la mahindi. Ekseli ya mbele ilisoma kilo 1,640, ya nyuma 2,260. Kisha tukapandisha gurudumu la nyuma kulia peke yake, upande wa tangi la maji na jiko: 1,210. Sasa soma ubavu wa tairi lao: 115/113. Hizi si namba za urembo. Ile ya kwanza ni ya tairi linalobeba peke yake, na 115 maana yake ni kilo 1,215. Wamesafiri na akiba ya kilo tano! Na yule mume, niliyemwita Babu, akakiri kwangu kwamba alipunguza upepo kwa ajili ya makorongo ya barabara ya Moyale, akafika kwenye lami akasahau kuurudisha. Tairi zee, lililojaa mzigo, lenye upepo pungufu, juani, kwenye lami. Ubavu hujikunja na kujikunjua kila mzunguko, joto linajilimbikiza ndani, na mpira uliozeeka hauna subira.

Yale mapana ya dukani yaliandikwa 112. Kilo 1,120. Vijana, hapa nawasihi mkae mnisikilize. Tairi kubwa kwa macho lilikuwa linabeba kidogo kuliko dogo lililopasuka! Tena ringi ya gari lile ilikuwa ya inchi sita na nusu, na 265 inadai saba kwenda juu. Anayeanza kuchagua kwa upana au kwa sura amevaa kofia kabla ya suruali. Anza na mizani. Halafu namba ya mzigo. Halafu ringi. Urefu unakuja baadaye, na uzuri ukija, uje wenyewe.

Lililofaa nililipata kwa tabu: 225/75R16C, 121/120. Jembamba kidogo, lakini moja linabeba kilo 1,450. Kipenyo kwa hesabu ni milimita 744 badala ya 712, kwa hiyo nafasi ya juu kati ya tairi na madigadi inapungua kama milimita 16. Nilizungusha usukani mpaka mwisho pande zote, nikapitisha vidole. Lilipita. Lakini mjini yalikuwepo mawili tu.

Hapo nikamwita Mzee. Alikuja na mkongojo, chaki mfukoni. Wageni walitaka yafungwe yale mawili nyuma waondoke, mengine watayatafuta mbele ya safari. Mimi nikasema hapana, yote manne au wasubiri. Mzee akacheka. “Hili linasukumwa na ya nyuma peke yake. Si fowili. Hakuna kitakachovutana. Utawaweka wazee wa watu siku ngapi kwa ajili ya transfa ambayo hawana?”

Kimakanika alikuwa na haki. Nikachukua chaki yake, nikapima kama alivyonifundisha. Tairi jipya la nyuma: 2,275. La mbele, ambalo kashata zake zilikuwa zimekwisha zaidi: 2,150. Kwa namba za ubavuni tofauti ilikuwa asilimia 4.5. Kwa chaki ilikaribia 6, kwa sababu namba za ubavuni ni za tairi jipya, na tairi la mbele halikuwa jipya. Nikamwonyesha. Nikamwambia magari ya siku hizi yana kifaa kinachohesabu mizunguko ya kila gurudumu ili magurudumu yasiteleze ukikanyaga breki, nacho kikiona ya mbele yanazunguka haraka kuliko ya nyuma kitadhani kuna hatari.

“Chaki haijui kompyuta,” akasema. Nami nikanyamaza, maana ni Mzee. Nilijaza upepo 70 nyuma, wakalipa, wakaondoka kuelekea Makuyuni.

Kesho yake asubuhi walirudi. Taa ya manjano ilikuwa inawaka kwenye dashibodi, na Babu hakuwa na raha. Matairi mengine mawili yakaja na basi kutoka Nairobi, nikayafunga mbele, taa ikazimika. Nikamweleza Babu kwamba sasa mshale wa spidi ukisoma 80, yeye anakwenda kasi kuliko alivyokwenda zamani mshale ukiwa palepale.

Nilikwenda kumpa Mzee habari, nakiri kwa furaha kidogo. Alikuwa anakunywa chai. “Taa si gurudumu,” akasema. “Gari lilikuwa linakwenda vizuri au halikwenda vizuri?” Nikasema lilikwenda. “Basi.” Mpaka mwaka huu, kila nilipomtembelea, baada ya shikamoo na habari za wajukuu, tulirudi kwenye Sprinter ile. Mimi nikisema kifaa kile cha breki kikijizima mvua ikakukuta mteremkoni utajuta, yeye akisema kaendesha Bedford zisizo na taa yoyote kutoka Tunduma.

Baada ya arobaini familia ilinipa daftari jeusi. Nililifungua usiku huohuo, nikatafuta Agosti 2014. Alikuwa ameandika yote kwa mkono wake: Sprinta, 225/75R16C, upepo 70, nyuma 2,275, mbele 2,150. Kwenye safu ya mwisho, ile ya maoni, ambako kwa magari mengine aliandika “sawa” au “asirudie”, pameandikwa: “Wajerumani wamelipa.”