KILA MMEA UNA KWAO

Mzee mmoja wa tambarare ya Himo aliniita shambani kwake. Miche yake 40 ya mibuni ilikuwa imekauka. Aliitoa kwa dada yake huko Marangu, kwenye mlima Kilimanjaro.

"Bwana shamba," aliniambia, "jirani yangu ameniroga. Kwa dada yangu miche kama hii inazaa."

Walikuwa hawasalimiani tena. Nikamwambia, "Mzee wangu, twende Marangu. Tutazame njiani."

Tuliondoka mchana. Himo jua lilikuwa kali. Tuliona migunga, mahindi na alizeti. Gari likapanda. Migunga ikapungua. Tukaingia katika migomba, na chini ya kivuli chake tukaona mibuni. Maji yalipita katika mifereji. Mzee akavaa koti.

"Mbona unavaa koti?" nikamwuliza.

"Huku kuna baridi."

"Basi mbuni nao unajua hivyo."

Tulipofika kwa dada yake nilimweleza. Ukipanda mlima mita 1,000, joto hupungua nyuzi 6 hivi. Tena upepo wenye unyevu ukifika mlimani hupanda juu, hupoa, na kuleta mvua. Kahawa ya arabika hupenda ubaridi wa kiasi na mvua ya kutosha. Joto na ukame wa tambarare huishinda.

Nilimweleza pia niliyoyaona nilipopanda juu zaidi. Juu ya mashamba upo msitu. Mbega wanaishi humo kwa sababu chakula chao kikubwa ni majani ya miti. Juu ya msitu, miti mikubwa inakwisha. Penye mita 3,700 hivi, usiku maji huweza kuganda. Huko kuna mmea mnene usioangusha majani yake makavu. Huyavaa kama blanketi. Kileleni, mita 5,895, ni mawe na barafu.

Mzee alinyamaza. Kisha akasema, "Kumbe jirani yangu hana kosa."

Jioni ile alipita kwa jirani yake, akamsalimu. Sasa analima mtama na alizeti.

Ndugu mkulima, kabla ya kupanda mche uliotoka mbali, jiulize: Kwetu kuna joto kiasi gani? Mvua ni kiasi gani? Udongo ni wa namna gani? Kisha mwulize bwana shamba wako. Usimlaumu jirani.