Sufi, Usumba na Sponji

Pangani ya utoto wangu godoro halikununuliwa, lilitengenezwa. Msufi ulitoa sufi, mnazi ukatoa usumba, na dukani tulifuata kitambaa cha mistari na uzi tu.

Sufi ndiyo iliyokuwa na kazi. Kiangazi maganda yalipopasuka mtini tuliyawahi kabla ya upepo. Bibi akatukusanya chumbani, madirisha yamefungwa, kanga zimeziba pua, tukachambua: mbegu huku, sufi kule. Mmoja akipiga chafya, chumba kizima kinageuka cheupe. "Taratibu, wajukuu zangu, mbegu hizo mtazilalia nyinyi wenyewe," alikuwa akituambia. Kisha fundi alikuja na shazia yake, akajaza, akashona, akapiga vifundo ili sufi isihamehame.

Nyuzi za sufi zinateleza mno, si rahisi kuzisokota uzi. Lakini kila unyuzi una uwazi ndani uliojaa hewa, na juu una nta ya asili, ndiyo maana haishiki maji upesi. Zamani majaketi ya kujiokolea melini yalijazwa sufi. Kwa joto la kaskazi godoro lile lilikuwa raha. Kasoro yake ni madonge. Likishaanza kushikana lilifumuliwa, sufi ikaanikwa, ikapigwa kwa fimbo mpaka ifumke, ikarudishwa.

La usumba lilikuwa jambo jingine. Makumbi yalifukiwa miezi kwenye tope la pwani, yakafuliwa kwa rungu ndipo nyuzi zipatikane. Gumu, tena linachoma kitambaa kikichakaa, lakini halibonyei, na wazee wenye migongo mibovu hawakutaka jingine.

Sponji ilitufikia juu ya basi la kutoka Tanga, imekunjwa na kufungwa kamba. Mtoto mmoja alibeba kichwani godoro la watu wawili, mtaa mzima ukatoka kutazama. Ilishinda bila ubishi, na sioni haja ya kuilaumu. Bibi alilalamika kuwa inamchemsha mgongo, ila sufi yake hakuidai tena. Waliokuwa wakichambua na kufua makumbi ni wanawake. Anayesifu sana magodoro ya zamani aulize kwanza nani alikuwa akiyatengeneza.

Tulichopoteza ni matengenezo. Sufi ikichoka inafumuliwa. Sponji ikishashika bonde haina fundi. Asili yake ni kemikali za mafuta ya petroli, ugunduzi wa Mjerumani Otto Bayer na wenzake mwaka 1937: vimiminika viwili vinachanganywa, gesi inajitengeneza humo humo, mchanganyiko unaumuka, kisha unakatwa vipande. Unaponunua sponji, sehemu kubwa unanunua hewa, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopunjwa, kwa sababu tunauliza inchi badala ya uzito.

Chukua godoro la futi 5 kwa 6, inchi 6. Sponji ya kilo 18 kwa mita moja ya ujazo italipa uzito wa karibu kilo 8. Ya kilo 30 italipa karibu kilo 13. Kwa macho yanafanana, na siku ya kwanza yote mawili yanalalika vizuri. Kwa hiyo usiridhike kulibonyeza kwa kidole. Mwombe muuzaji mizani, na kama ni la mtu mzima kulalia kila siku, hilo la kilo 8 mwachie.