Kalinzi: Buni Huondoka Ikiwa Mbichi

Tuliondoka Ujiji baada ya sala ya Alfajiri, tukapita Mwandiga na kushika barabara ya Manyovu inayoelekea mpaka wa Burundi. Joto la ziwa tuliliacha nyuma kidogo kidogo. Michikichi ikapungua, migomba ikazidi, na kila kona ya mlima ilituongezea baridi, hata mwenzetu mmoja aliyelidharau koti lake akalitafuta mkobani. Tulipofika Kalinzi ukungu ulikuwa bado umelala mabondeni. Upande wa magharibi, nyuma ya safu ya milima, ndiko misitu ya Gombe inakoteremka hadi kwenye maji ya Tanganyika.

Kalinzi ni nchi ya kahawa. Mibuni imepandwa pamoja na migomba, na mgeni anaweza kupita shambani akidhani kuwa ni ndizi tupu. Ulikuwa msimu wa kuchuma. Matunda mekundu humenywa, huoshwa, kisha buni huanikwa juu ya vichanja na kugeuzwa kwa mikono mpaka ikauke. Sisi tulikaribishwa chai ya maziwa. Tulipouliza kwa mzaha kahawa iko wapi, mzee mwenyeji wetu alicheka, akasema: "Buni huondoka hapa ikiwa mbichi, wanangu. Wanaoikaanga wako mbali, na kikombe chake sisi hatukijui."

Baadaye tulifahamu kwamba hakuwa akisema juu ya kahawa peke yake.

Binti yake amemaliza kidato cha sita. Jioni hufundisha watoto madrasa, na Maulidi yanapokaribia ndiye huwatungia maigizo mafupi ya kuhimiza adabu na ukweli. Sasa ameomba ruhusa ya kwenda Uingereza kusomea uigizaji wa tamthilia kongwe, yaani zile za Wayunani wa kale na za Shakespeare. Mama yake alinyamaza. Baba hakukataa wala hakukubali. Alingoja wageni waje, akalitandaza jambo mbele yetu pamoja na kisahani cha karanga.

"Mtu anakwenda kusomea kuwa mtu mwingine," alisema. "Akirudi, nitampokea nani?"

Hatukuwa na jibu la papo kwa papo, wala hatukutaka kulipuuza swali la mzazi. Tulimwomba binti aeleze kwanza ni nini hasa kinachofundishwa huko. Akaeleza kwa utulivu, na sisi tukaongeza tulichokijua. Chuo cha Central, ambacho ni miongoni mwa vyuo vikongwe vya fani hiyo mjini London, kilianzishwa mwaka 1906 na mwalimu aitwaye Elsie Fogerty, na shughuli yake kubwa ilikuwa sauti. Mwanafunzi hufundishwa kuvuta pumzi, kutamka kila herufi mahali pake, na kujua pa kupumzika ili maana isivunjike. Hufundishwa pia kubeba ubeti: mshororo wa Shakespeare kwa kawaida una silabi kumi zinazopanda na kushuka kwa zamu.

Mzee alisikiliza, kisha akamgeukia binti yake: "Hayo si ndiyo mnayowafundisha watoto pale madrasa?"

Kwa kweli hakuwa mbali na ukweli. Anayesoma tajwidi hufunzwa makhraji, urefu wa madda na mahali pa kusimama. Anayeghani utenzi au shairi hujua mizani, nane kwa nane. Makusudio ni tofauti kabisa, kwa kuwa ibada si mchezo, na hilo lazima lisemwe bila ya kumung'unya maneno. Lakini ulimi uliolelewa namna hiyo hauendi ugenini ukiwa mtupu. Nabii Musa (AS) mwenyewe alimwomba Mola wake amfungulie fundo la ulimi, na akaomba asaidiwe na nduguye Harun kwa kuwa alikuwa na ufasaha zaidi. Kusema vizuri ni amana.

Hofu ya mzee, hata hivyo, haikuwa juu ya ulimi. Ilikuwa juu ya vazi, juu ya kuguswa jukwaani na wasio mahramu, juu ya mazoezi yanayopita wakati wa Magharibi, na juu ya binti kusafiri na kuishi peke yake. Haya si mambo madogo. Wanazuoni wametofautiana kuhusu uigizaji wenyewe, na safari ya mwanamke bila ya mahramu wameijadili kwa kirefu. Sisi si wa kutoa fatwa, na tulimshauri mzee aketi na sheikh anayemwamini. Tulimkumbusha pia kwamba jamii za Kiislamu zimewahi kulikabili suala hili. Serikali ya Misri ilimpeleka Zaki Tulaimat kusomea uigizaji Paris katika miaka ya 1920. Aliporudi, Cairo ikafungua chuo cha uigizaji mwaka 1930, na haukupita muda mrefu kikafungwa. Mwaka 1944 kikafunguliwa tena. Baba wa Kalinzi hakuwa wa kwanza kusitasita.

Ndipo tukamtaja mtu wa kwetu. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa pwani ya kusini mwa Tanzania, alikwishaandika "Kinjeketile", tamthilia ya Vita vya Majimaji iliyochapishwa mwaka 1969, kabla ya kwenda Berlin ya Mashariki kwa masomo ya juu ya tamthilia katika Chuo Kikuu cha Humboldt. Mtu angetarajia arudi amejaa Ujerumani. Lakini mwaka 1976 zilitoka "Jogoo Kijijini" na "Ngao ya Jadi", kazi zilizojengwa juu ya mtambaji mmoja anayesimulia mbele ya watu, kama bibi na wajukuu zake. Alikwenda mbali, akajifunza jukwaa la wenzake, kisha akaitazama hadithi ya nyumbani kwa macho mapya. Kabla ya safari tayari alikuwa na lugha yake, na kazi zake zilikuwa zimekwisha kuandikwa. Hakuondoka akiwa mbichi.

Neno hilo la mwisho lilimgusa mzee. Alikaa kimya kitambo, akichambua karanga asizokula.

Tukaona kwamba swali halikuwa tu aende au asiende, bali aende akiwa nani na baada ya nini. Zamani, njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo iliishia hapa karibu, Ujiji, nayo ilibeba pembe za ndovu na machungu ya watumwa. Leo Bagamoyo kuna chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho sasa ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho hufundisha sanaa za maonyesho. Kijana anaweza kuanzia huko, kwa Kiswahili, karibu na ndugu na misikiti, huku wazazi wakimwona anavyokua. Atajua pia kama kiu yake ni ya kweli au ni ya kupita.

Na ikiwa baadaye mlango wa ng'ambo utafunguka, basi yaulizwe kwa maandishi kabla ya kukubali nafasi: je, mwanafunzi anaweza kukataa onyesho linalovunja dini yake bila ya kupoteza alama? Sala na funga zitapewa nafasi gani? Ataishi wapi na nani? Chuo kitakachojibu kwa heshima kimejitambulisha, na kitakachokwepa kimejitambulisha vilevile. Mzazi anayeuliza hivyo hamfungi mwanawe. Anamfundisha kwamba mtu anaweza kuvaa sura ya mwingine jukwaani na asiuze yake.

Baada ya Isha mzee alimwita binti yake sebuleni. "Tutambie," alisema, "ile ya bibi yako." Akatamba akiwa ameketi, kanga imemfunika kichwa, mikono ikisogea kidogo tu. Hakuinua sauti hata mara moja, lakini watoto wa jirani waliokuwa mlangoni hawakutikisika. Ilipofika sauti ya fisi, baba yake alicheka mpaka akafuta machozi. Tulimwona mama akimtazama mumewe, si binti.

Ruhusa haikutolewa usiku ule, nasi hatukuiulizia. Asubuhi, tulipokuwa tukiagana kando ya vichanja vya buni, mzee alitushika mkono na kutuuliza kwa sauti ya chini kama tunaijua nauli ya treni kutoka Kigoma mpaka Dar es Salaam, na kutoka hapo hadi Bagamoyo ni mwendo wa saa ngapi.

Tulimjibu. Mwenyezi Mungu awaongoze wazazi na watoto katika lenye kheri nao. Amin.